Mtoto anataka kusaidia kuanika nguo: nimwache atoke au nimfungie ndani?

*"Daktari, tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne tunatumia ua mmoja. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitano. Kila Jumamosi nikifua naye yumo: anatumbukiza mikono kwenye beseni, anachukua vibanio, anaburuza nguo mbichi chini, anachimba mchanga kwa kijiko. Mama mkwe wangu, ambaye yuko nasi kwa sasa, anasema jua litampa homa, kulowa kutampa nimonia, mchanga utampa minyoo, na tena kuanika nguo si kazi ya kumzoesha mtoto wa kiume. Mwezi uliopita alitoka jipu mgongoni, tulipolikamua akatoka funza. Tangu hapo mama mkwe hataki kabisa atoke nje. Sasa nikifua namfungia ndani na katuni za kwenye simu, naye analia mlangoni mpaka sauti inakauka. Nafanya sawa? Na huko nje kuna faida gani hasa, au anacheza tu?"*

Mama, pole kwa hilo jipu, na pole kwa kusimama katikati ya kilio cha mtoto na maneno ya mkwe. Nitakujibu moja kwa moja: mfungulie mlango. Mtoto wa umri huo anahitaji kuwa nje, na anahitaji kuwa karibu nawe ukifanya kazi. Hofu za mama mkwe nitazipitia zote, kwa sababu nyingine zina ukweli ndani yake. Lakini nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na hatari kubwa kuliko zote hakuna aliyeitaja, wewe wala yeye. Ni maji yaliyomo kwenye ndoo.

Mtoto wa miaka miwili na nusu ana urefu wa sentimita 90 hivi. Akisimama kando ya ndoo ya lita 20, ukingo wake unamfika karibu na kiuno. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hiyo uzito wake mwingi uko juu. Anaiona soksi imezama, anainama, anaunyoosha mkono, visigino vinanyanyuka, na kufumba na kufumbua ameingia kichwa kwanza. Ndoo iliyojaa ina uzito wa kilo 20, haipinduki ikammwaga. Mikono yake haina nguvu ya kujisukuma arudi juu. Wala hapigi kelele, maana mdomo uko ndani ya maji. Watu wengi hudhani mtoto anayezama atarusharusha mikono na kulia, nao watasikia. Hawasikii kitu. Maji ya kina cha sentimita tano tu yanatosha, ilimradi yafunike pua na mdomo, na ubongo unaanza kuumia ndani ya dakika chache. Muda wa kuanika shuka mbili, mgongo umeugeuza, unaweza kutosha.

Ndiyo maana nakuomba uzitenganishe kazi mbili ambazo sisi tumezoea kuziita moja. Kufua ni kazi ya maji, sabuni na jiki. Kuanika ni kazi ya kamba, vibanio na nguo zilizokwisha kukamuliwa. Mwanao hana haja ya kuwepo kwenye ile ya kwanza, na raha yake karibu yote iko kwenye ile ya pili.

Unapofua, mtoto awe mikononi mwa mtu ambaye wakati huo hana kazi nyingine. Hapo bibi yake ndiye msaada mkubwa kuliko wote uliopo nyumbani, na mwambie hivyo. Maliza kufua, suuza, kamua. Mwaga maji yote, pindua mabeseni na ndoo chini juu, chupa ya jiki na pakiti ya sabuni zirudi ndani, juu, asikofika. Halafu ndipo umwite aje muanike. Najua kwa mgao wetu wa maji si rahisi kumwambia mtu amwage maji ya kusuuzia ambayo yangepigia deki au kumwagia choo. Basi yahifadhi, lakini kwenye pipa au ndoo yenye mfuniko unaokaza, si sahani iliyowekwa juu. Na kwa kuwa ua ni wa wapangaji wanne, ndoo ya jirani ni hatari sawasawa na yako. Zungumza nao. Mnaweza kuanzia kwenye mbu wa dengi, maana hilo linamgusa kila mmoja: mbu anayeeneza dengi huuma mchana na hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo, na Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Mfuniko mmoja unazuia yote mawili.

Kuhusu jiki, neno moja tu: isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kama umenunua ya kupima. Mtoto anajua chupa ile hunywewa. Akishaigusa mdomoni, usimtapishe, kwa sababu dawa iliyounguza koo wakati wa kushuka itaunguza tena ikipanda. Usimlazimishe maziwa wala mafuta ya kula. Msuuze mdomo, beba chupa yenyewe, nenda hospitali.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Jua halileti malaria. Malaria inaletwa na mbu anayeuma usiku, na mtoto aliyeshinda juani akaamka na homa amepata homa hiyo kwa sababu nyingine, ambayo inatakiwa ipimwe. Hata hivyo mama mkwe hajakosea kuliogopa jua la Dar. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua linawaka juu ya utosi. Mwili mdogo unapata joto haraka kuliko wetu, na mtoto akinogewa na mchezo hasemi kwamba ana kiu. Rangi nyeusi ya ngozi inampunguzia kuungua, haimzuii kuzidiwa na joto. Kwa hiyo fueni mapema, kazi iwe imekwisha kabla ya saa nne, mvalishe kofia, na kikombe chake cha maji kiwe karibu. Jua la asubuhi lina faida pia: ngozi hulitumia kutengeneza vitamini D, na mtoto asiyeliona jua kabisa anajiweka katika hatari ya matege. (Kama mtoto ana ualbino, ushauri hubadilika: mikono mirefu, kofia pana, losheni ya kukinga jua, na kivuli wakati wote inapowezekana.)

Nimonia ni ya vijidudu, bakteria na virusi, vinavyoingia kwa hewa kutoka kwa mtu mwingine au vilivyokuwa tayari puani na kooni. Shati lililolowa kwa nusu saa katika joto la nyuzi 30 halimpi mtoto nimonia. Linaloongeza hatari ni moshi wa mkaa ndani ya chumba, msongamano, utapiamlo na chanjo zilizorukwa. Kwenye kadi yake ya kliniki angalia kama amemaliza chanjo ya nimonia pamoja na ile ya mchanganyiko wa tano, zinazotolewa katika wiki ya 6, 10 na 14. Hiyo ya mchanganyiko ndiyo yenye pia kinga ya pepopunda, na kwa mtoto anayecheza chini kwenye misumari na mabati ni jambo la maana. Akilowa, mbadilishe nguo asikae na ubichi. Basi.

Kwenye minyoo mama mkwe yuko sahihi kwa sehemu. Mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, na hukaa udongoni wiki mbili tatu kabla hayajawa na uwezo wa kumwambukiza mtu. Minyoo ya safura yenyewe hupenya kwenye ngozi ya nyayo. Kwa hiyo swali si kama kuna mchanga, ni mchanga gani. Ua uliofagiwa, ambao watoto hawajisaidii na maji ya choo hayafuriki, ni tofauti na ule ambao chemba hupasuka kila masika. Mvalishe ndala, mnaweshe kwa sabuni kila akiingia ndani, kucha ziwe fupi. Dawa ya minyoo hutolewa kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja mara mbili kwa mwaka pamoja na matone ya vitamini A, kwa kawaida Juni na Desemba. Mpeleke hata kama anaonekana mzima. Lakini kama hachezei tu mchanga bali anaula, anautafuta, anakwangua hata ukuta, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi huwa ni dalili ya upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma. Apimwe wingi wa damu.

Na sasa yule funza, maana ndiye aliyefunga mlango.

Yule si tekenya wa miguuni, na kwa kuwa jipu lilikuwa mgongoni, yaelekea alitoka kwenye nguo, si kwenye mchezo wa mwanao. Ni buu la nzi aitwaye kitaalamu Cordylobia anthropophaga, nzi mnene wa rangi ya manjano na kahawia, anayependa kivuli. Jike hutaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, juu ya majani au ikagusa chini. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na vibuu, ambavyo kwa macho ni vigumu kuviona, vinaweza kungoja kwenye kitambaa kwa takriban wiki mbili. Joto la mwili likigusa nguo, kibuu huamka na kupenya ngozini bila mtu kuhisi. Jipu hukua kwa siku 8 hadi 12, likiwa na kitundu katikati ambacho funza hupumulia. Mama wengi hulitambua kwa hicho kitundu: kinatoa majimaji kidogo, na ukitazama kwa utulivu unaona kitu kinacheza.

Kwa hiyo kumfungia mtoto ndani hakumkingi na funza, maana nguo zinamfuata huko huko ndani. Kinachomkinga ni namna ya kuanika. Kamba iwe kwenye jua kali, juu, nguo zisiguse mchanga wala majani, zianuliwe zikiwa zimekauka kabisa hadi kwenye mishono na lastiki. Kisha piga pasi ya moto, ya umeme au ya mkaa, pande zote mbili, ukikazia mishono, kwa sababu kibuu hufa kwa joto. Anza na zinazogusa ngozi: chupi, fulana, shuka, nepi, taulo. Kipindi cha masika nguo zisipopata jua, anika ndani penye hewa, na pasi usiiruke. Ile nguo aliyoiburuza chini, isuuze tena kabla ya kuirudisha kambani.

Likitokea jipu jingine la namna hiyo, msilikamue kwa nguvu likiwa bado dogo. Funza akipasuka ndani, mwili hukasirika, panavimba na kuoza. Paka mafuta mazito ya mgando, funika kitundu chote. Funza hukosa hewa, hujitokeza, na hapo hutolewa taratibu kwa kibano safi. Ukiona ni mengi, au liko karibu na jicho, au wekundu unatambaa, mpeleke kituo cha afya.

Uliuliza pia kama kuna faida au anacheza tu. Kwa umri wake, kucheza ndiko kujifunza, na kuanika nguo ni mchezo mzuri kuliko mwingi unaouzwa dukani. Mwangalie Jumamosi ijayo. Anachuchumaa, anachukua fulana kwenye beseni, anasimama nayo ikiwa nzito kuliko alivyodhani, anatembea akiwa ameinua mikono isiguse chini, anakupa. Hapo misuli ya mapaja, mgongo na mabega imefanya kazi, na kichwa kimepanga jambo lenye mwanzo na mwisho. Kibanio chenye springi bado kitamshinda, maana kinataka dole gumba lisukumane na vidole viwili kwa nguvu, na wengi hulipata hilo karibu na miaka mitatu. Mpe kazi ya kukuletea, kimoja kimoja. Ukimwambia "nipe viwili", anaanza kuielewa mbili kwa mikono kabla ya kuitamka.

Na zungumza naye. "Shati hili la nani? La baba. Na kitambaa hiki? Changu. Soksi ya pili iko wapi?" Sentensi hizo fupi ndizo zinazomfundisha upatanisho wa lugha yetu, *hili la*, *hiki cha*, *hii ya*, bila kumkalisha chini kumfunza. Katuni haiwezi, kwa sababu haimngoji ajibu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi, na ajishughulishe kimwili kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku. Sikuambii hivyo ili ujilaumu. Ulitafuta usalama wake, na simu ndiyo iliyokuwepo.

Usitegemee adumu. Atasaidia nguo nne, ataona jongoo, ataondoka, atarudi na kijiko cha mchanga. Mwache. Akitundika kitambaa kikaning'inia upande, usikitundike upya mbele ya macho yake.

Ukitaka, mfungie kamba yake fupi usawa wa kifua chake, kati ya nguzo mbili, aanike soksi na leso. Ikazwe, isiwe na kitanzi wala ncha inayoning'inia, na uifungue mkimaliza, kwa sababu kamba iliyoachwa usawa wa shingo ya mtoto anayekimbia inaweza kumnyonga. Hapo hapo ikague na ile kamba yenu kubwa. Kama ni waya wa chuma uliofungwa kwenye paa la bati au unapita karibu na nyaya za umeme, iondoeni leo, mfunge kamba ya plastiki au ya katani. Waya huo ukigusana na waya wa umeme uliochubuka, nguo mbichi inakuwa njia ya kukufikia wewe na mtoto. Kagua mifuko kabla ya kufua: sarafu, vifungo na kibanio kilichovunjika ni vitu vya kumkaba mtoto wa umri huu.

La mtoto wa kiume kutozoeshwa kuanika, hilo si la kitabibu, lakini umeniuliza nami nitasema ninachoamini. Mkono unaobana kibanio leo ndio utakaoshika penseli, na mkono huo haujui jinsia. Siku moja ataishi bwenini au atapanga chumba Kimara peke yake, na nguo hazitajifua. Mbele ya mama mkwe, hata hivyo, usiligeuze kuwa mashindano. Mwombe akae kibarazani na mjukuu wake wakati unafua, na mtakapoanika awe yeye wa kumuuliza, "Hii ya nani?" Bibi anayepewa kazi ya kumlinda mtoto dhidi ya ndoo ana sababu kubwa zaidi ya kuwa nje kuliko ya kumzuia ndani.

Zipo siku ambazo mtoto asitoke, na usione haya. Uko peke yako na mabeseni matatu yamejaa. Shimo la choo au chemba liko wazi. Gari la mpangaji linarudi nyuma uani. Una homa, au una mazungumzo marefu kwenye simu. Siku hizo abaki ndani na jirani au dada wa kazi, mkishaanika mtoke mkatembee kidogo.

Ikitokea ameingia kwenye maji, mtoe, paza sauti watu waje. Kama hapumui mlaze chali, inua kidevu, mpulizie hewa mara tano, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na pumzi mbili, uendelee hivyo huku mnatafuta usafiri. Msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, mnapoteza dakika. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Mpeleke pia bila kungoja akiwa na homa pamoja na kulegea, degedege au kutapika kila kitu. Akihema haraka, yaani pumzi 40 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa. Na kwa utulivu, si kwa dharura, mtajie mhudumu wa kliniki kama mpaka sasa haunganishi maneno mawili, "mama njoo", "maji nataka", au haitikii ukimwita jina, au anapochuchumaa hawezi kusimama bila kushika kitu. Kliniki ya mtoto ni mpaka miaka mitano, haikuisha na chanjo. Nenda na kadi, na mama mkwe akitaka kwenda nanyi, aende, aulize mwenyewe maswali yake.